Usiku wa mbalamwezi dagaa hawavuliwi: nyumba zetu zinakula nini?

KILA mwezi wa Kiislamu unapofika tarehe 13, 14 na 15, Waislamu wa Mwanza hukumbushana misikitini juu ya saumu ya Siku Nyeupe, siku ambazo mwezi umepevuka na usiku wake unang'aa. Atakayeteremka siku hizo hizo hadi Mwaloni, kule Kirumba, ataona jambo jingine linaloongozwa na mwezi ule ule. Mitumbwi ya dagaa imepumzika. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi zaidi ni taa za betri na za umeme wa jua. Taa hiyo huwavuta dagaa pale tu usiku unapokuwa wa giza. Mbalamwezi ikitanda juu ya maji, mwanga wa taa hupoteza nguvu, dagaa hutawanyika, na wavuvi wa Ukerewe, Kome na visiwa vingine hukaa nchi kavu wakishona nyavu na kungoja giza lirudi.

Kwa hiyo kalenda ya Hijria, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa ajili ya kufunga na kufungua tu, huku kwetu ziwani ni kalenda ya kitoweo pia. Mwanzo wa mwezi na mwisho wake ni majira ya dagaa; katikati ni majira ya kula kilichowekwa. Ramadhani yenyewe ina zamu hizo hizo. Kumi la kwanza lina giza, kumi la kati lina mbalamwezi, kumi la mwisho giza linarejea. Nyumba iliyokausha na kuweka dagaa katika siku za giza haitambui hata kidogo kwamba ziwa limefunga. Nyumba isiyokuwa na akiba hutambua siku ya kwanza tu, pale fungu la dagaa linapopungua ukubwa na bei ikabaki ile ile, au ikapanda.

Tunaandika haya kwa sababu sisi tunaoshika madaftari ya kamati ya msikiti tunaona mambo ambayo muumini wa kawaida hayaoni. Tunapokea waombaji wa sadaka, tunasikiliza ndoa zinazogombana, tunagawa futari. Na tumekuja kuona kwamba sehemu kubwa ya dhiki inayofika mlangoni kwetu haitokani na familia kukosa kipato kabisa. Inatokana na jinsi kipato kile kidogo kinavyogeuzwa kuwa chakula.

Hela ya meza

Desturi ya mjini inajulikana. Baba anatoka alfajiri, anaacha mezani noti moja au mbili, na mama anaambiwa zimtoshe. Kwa hela hiyo mama ananunua unga nusu kilo, mafuta kipimo kimoja, sukari robo, dagaa fungu, nyanya tatu na mkaa wa kikopo. Kesho yake anarudi dukani kununua vile vile. Muuza duka hana kosa, kwani naye analipa pango na anapoteza kidogo kila anapopima. Lakini ukweli ni kwamba anayenunua kwa kupimiwa hulipa zaidi kwa kilo kuliko anayenunua debe, na anayenunua debe hulipa zaidi kuliko anayenunua gunia. Masikini ndiye anayekula unga wa ghali kuliko wote mtaani. Tena hela ya meza ikikosekana siku moja, siku hiyo hiyo hakuna chakula, kwa kuwa hakuna jana iliyowekwa kwa ajili ya leo.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Tumesuluhisha wanandoa ambao kila mmoja alikuwa akisema kweli: mume anasema hajawahi kuacha kutoa, mke anasema hakuna kitu ndani. Yote mawili yanawezekana kwa pamoja, ikiwa kinachotolewa kila siku kinakwisha siku hiyo hiyo.

Msomaji na atulie hapa kidogo, kwa sababu lugha yetu imehifadhi jambo ambalo tumelisahau. Neno nafaka, tunaloliita mahindi, mtama na mpunga, limetokana na neno la Kiarabu nafaqa, yaani matumizi anayowajibika nayo mume kwa mkewe na watoto wake. Wahenga wetu walipolisikia neno la matumizi, waliona gunia. Na hawakukosea. Imam Nawawi, katika Minhaj At-Talibin, kitabu ambacho kila aliyepita katika chuo cha Kishafii amekutana nacho, anapoeleza nafaqa ya mke hataji fedha kwanza. Anataja vipimo vya chakula: mume mwenye dhiki ni mudi moja kwa siku, wa kati ni mudi moja na nusu, mwenye wasaa ni mudi mbili, tena za chakula kikuu kinacholiwa zaidi katika mji husika. Kisha anaongeza kitoweo, na gharama za kusaga na kupika nazo anamtwika mume. Masheikh wetu wa Pwani waliifasiri mudi kuwa kibaba na saa kuwa pishi, kwa kuwa vibaba vinne ni pishi moja kama mudi nne zilivyo saa moja.

Tupige hesabu. Mume mwenye dhiki, anayewajibika kibaba kimoja kwa siku, kwa mwaka wa siku 365 ana vibaba 365, sawa na pishi 91 na kitu. Misikiti yetu, wakati wa Zakatul Fitri, huhesabu pishi kuwa kati ya kilo mbili na nusu na kilo tatu. Basi haki ya mke peke yake, bila watoto, kwa mume aliye chini kabisa, inakaribia kilo 228 kwa hesabu ndogo na 274 kwa hesabu kubwa. Hayo ni magunia mawili ya kilo mia na ziada. Hatusemi kila bodaboda wa Buzuruga aende kesho kununua magunia mawili, hilo tutalirudia. Tunasema kwamba fiqhi tuliyoisoma ilikiona chakula cha nyumba kama kitu cha kupimwa na kuwekwa, na kwamba hela ya meza ni mazoea ya mjini ambayo hayana utakatifu wowote.

Ghala la Usukuma

Sasa tuingie jikoni, maana watu hawali hoja.

Kanda hii haikungoja majokofu ili ijue kuweka chakula. Viazi vitamu vikivunwa kwa wingi baada ya masika, Wasukuma huvimenya, huvikata vipande vyembamba na kuvianika vibichi. Hiyo ndiyo michembe. Wengine huvichemsha kwanza, kisha huvikata na kuvianika. Hayo ni matobolwa. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndiyo karakana yake, na majabali ya Mwanza, ambayo wageni huyapiga picha, kwa bibi zetu yalikuwa kichanja cha bure: jiwe pana, safi, lenye joto tangu saa nne asubuhi. Vikikauka mpaka vinakatika kwa mlio, huingia kwenye kihenge au mfuko na hukaa miezi mingi.

Matobolwa hayahitaji mpishi. Mtoto huyatafuna akienda shule, mzee huyala kwa chai au maziwa ya mgando. Michembe ndiyo yenye mapishi. Huoshwa, hulowekwa kidogo, kisha huchemshwa mpaka ilainike kabisa. Pembeni maharage au choroko zimekwisha kuiva. Huchanganywa, hutiwa karanga zilizotwangwa na chumvi, na kupondwa kwa mwiko mpaka vishikane. Utamu wa kiazi uliokolezwa na jua hukutana na mafuta ya karanga, wala hakuna haja ya sukari wala mafuta ya kupimiwa. Waislamu wenye asili ya Pwani waliolowea hapa hutia nazi, nao hawajakosea, ila nazi husafiri kutoka mbali na hununuliwa moja moja. Karanga ndiyo nazi ya Usukuma.

Mboga nazo zina akiba yake. Majani ya kunde huchumwa wakati wa mvua yakiwa teketeke, huchemshwa kidogo na kuanikwa. Wasukuma na Wanyamwezi huyaita nsansa. Mwezi wa Septemba, mchicha unapokuwa wa kumwagiliwa na bei yake imepanda, fumba mbili za nsansa zilizolowekwa, zikachemshwa na kuungwa kwa karanga, hulisha sinia zima. Rangi yake si ya kuvutia, tunakiri. Bwana harusi mgeni anaweza kudhani amepewa chai ya majani. Aonje kwanza.

Upande wa ziwa, hasa Ukerewe na kuendelea mpaka Mara, nguzo ya ghala ni muhogo. Muhogo mchungu humenywa, hurundikwa na kufunikwa siku kadhaa mpaka uvunde na kuota ukungu, kisha hukwanguliwa, huanikwa na kutwangwa. Huo ndio udaga. Ugali wake ni mweusi kidogo, unanata, unashiba haraka, na wengi huuchanganya na unga wa mtama ili upungue kunata. Watu wa mjini wamefundishwa kuudharau wakidhani ni chakula cha njaa. Enzi ya Mwingereza sheria ndogo ziliwalazimisha wakulima kupanda muhogo kama kinga ya njaa, na labda dharau ilianzia hapo, kwani chakula cha kulazimishwa hakipendwi. Lakini wazee wetu wanakumbuka pia miaka ya 1970 mwanzoni mwa nusu ya pili, mvua zilipokuwa zimekataa na nchi ikaingiza mahindi ya njano kutoka ng'ambo, watu wakayaita unga wa Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi. Aliyekuwa na udaga ndani hakupanga foleni ya unga wa Yanga.

Na dagaa wenyewe? Kuna watu wanaosema dagaa wa Mwanza ni wachungu, wa Kigoma ndio dagaa. Sisi tunasema uchungu uko kichwani na tumboni, na mpishi mvivu ndiye anayeupika. Wachambue: toa vichwa, toa matumbo. Waoshe kwa maji ya moto mara tatu, hasa kama walianikwa mchangani. Waliokaushwa juu ya vichanja huwa safi zaidi, na anayeweza kuchagua achague hao japo wamezidi bei kidogo. Kisha wakaange wakavu, bila mafuta, mpaka watoe harufu ya kuchoma. Baada ya hapo ndipo kitunguu na nyanya vinaingia. Nyanya zikiadimika, ukwaju uliolowekwa unafanya kazi yake na kuzidi. Dagaa walioandaliwa hivyo mpaka hatua ya kukaangwa, wakipoa kabisa na kufungiwa kwenye chombo kikavu, hukaa wiki kadhaa tayari kwa kuungwa, na mama aliyerudi sokoni Kirumba saa kumi na mbili jioni hupika kitoweo kabla ya adhana ya Ishaa.

Kayabo, yule sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa, sehemu kubwa yake husafiri kwenda Kongo. Atakayempata amloweke usiku kucha na kubadilisha maji mara mbili au tatu. Choroko na dengu, ambazo Magu, Misungwi na Kwimba huzilima, hazihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa gazeti hili; choroko kwa wali zimefungulisha saumu nyingi.

Jambo moja la upishi huu ndilo gumu kwa vijana, nalo si ujuzi wa jiko. Chakula cha akiba huamuliwa jana. Maharage yalowekwe, kayabo alowekwe, nsansa ilowekwe. Mwenye nyumba anayerudi kutoka swala ya Ishaa akauliza, "Kesho tunakula nini?" amesaidia nusu ya mapishi, na amepunguza mkaa pia, kwa sababu nafaka iliyolala majini huiva upesi. Anayeuliza saa sita mchana amechelewa. Huyo lazima apimiwe.

Akiba inayoua

Tungekuwa tumedanganya kama tungesifu ghala bila kusema kwamba ghala likipuuzwa linaua.

Mwaka 1985, katika Wilaya ya Tarime ya wakati ule, ng'ambo tu ya ghuba yetu, ukame uliwaacha watu wakitegemea muhogo mchungu. Njaa haikuwapa subira ya kuuvundika na kuukausha ipasavyo. Sumu ya sayanaidi iliyomo ndani ya muhogo ule ikabaki kwenye unga, na watu, hasa wanawake na watoto, wakapooza miguu kwa ghafla. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na miguu iliyopooza kwa konzo haiponi. Madaktari walioutafiti walibaini pia kwamba mwili unaopata protini ya kutosha huweza kuipunguza sumu hiyo makali. Hapo utaona hekima ya bibi wa Ukerewe ambaye hakuwahi kusoma kemia: udaga siku zote huliwa kwa dagaa. Somo lake kwa jiko la leo ni dogo na haliwezi kupuuzwa. Siku za kuvundika hazifupishwi. Anayekuuzia unga wa muhogo mchungu uliokaushwa haraka kwa kuwa wateja ni wengi, mwache.

Hatari ya pili ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizowekwa na unyevu. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi. Karanga zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au chungu mdomoni, hazitwangwi kwa ajili ya michembe, hazipewi mtoto, na wala hazitolewi sadaka. Tunalisema hili la mwisho kwa makusudi. Wapo wanaoleta msikitini kile ambacho wao wenyewe wasingekila, na Mwenyezi Mungu (s.w.) ametukataza katika Suratul Baqara kukusudia kutoa kilicho kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho.

Hatari ya tatu haimuui mtu, inamuua gunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aligunduliwa Tabora mdudu mgeni aliyetoka Amerika ya Kati. Wataalamu wanamwita dumuzi. Wakulima, kwa kuona jinsi anavyosaga, walimwita Scania. Anageuza mahindi kuwa vumbi kwa miezi michache, na muhogo mkavu anaupenda vile vile. Aliwalazimisha wakulima kuacha desturi ya kuning'iniza mahindi na magunzi yake, kwa sababu yeye hustawi zaidi gunzini kuliko katika punje zilizopukuchuliwa.

Hapa kijana mmoja wa darsa alituuliza swali zuri. Nabii Yusuf (a.s.) aliwaelekeza watu wa Misri waiache nafaka katika mashuke yake; je, wataalamu wanapotuambia tupukuchue, hawapingani na Qur'ani? Tulimjibu kwamba Yusuf (a.s.) alikuwa akielekeza juu ya nafaka ya nchi ile na maadui wa nafaka ile, na shuke lilikuwa ngao yake. Fundisho linalobaki ni kwamba mweka akiba aujue udhaifu wa anachokiweka. Dhidi ya Scania, ngao ni punje iliyokaushwa vizuri, ikapepetwa, ikatiwa dawa iliyoruhusiwa kwa kipimo chake au ikafungwa katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambamo mdudu hufa kwa kukosa pumzi. Mfuko wa namna hiyo, kwa mtu wa mjini mwenye chumba kimoja cha kupanga, unafaa kuliko dawa.

Katika kikao cha akina mama tulipokuwa tukieleza haya kwa urefu, bibi mmoja alitukatiza. "Ustadhi, hayo ya vitabuni ni mazuri. Lakini mjukuu wangu, michembe haikai kwa maneno. Inakaa kwa jua." Tukamwambia, "Ni kweli, bibi, tufundishe." Akaomba aletewe kiazi na kisu.

Kuweka na kuhodhi

Lipo swali ambalo waumini wachaji huuliza: je, kuweka chakula si kupungukiwa na tawakkul? Jibu limo katika Sahihi Bukhari, katika mapokezi ya Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka kutokana na tende za Banu Nadhir. Na hakuna aliyemtegemea Mola wake kuliko yeye. Yamepokewa vile vile makatazo ya kuweka nyama ya udh-hiya zaidi ya siku tatu, kisha ruhusa ikaja mwaka uliofuata, na sababu ikaelezwa: mwaka wa katazo watu walikuwa katika dhiki, ikatakiwa nyama iwafikie. Walipopata nafuu, wakaruhusiwa kula, kulisha na kuweka.

Kuhodhi ni jambo jingine, na hadithi katika Sahihi Muslim inamwita mwenye kuhodhi kuwa ni mkosaji. Imam Nawawi amefafanua kwamba kilichoharamishwa ni kununua chakula wakati wa bei kubwa kwa ajili ya biashara na kukificha kingoje bei ipande zaidi. Anayevuna shambani kwake, au anayenunua wakati wa neema, au anayenunulia mahitaji ya nyumba yake, huyo hahodhi. Mfanyabiashara wa mjini kwetu anayefunga stoo ya sukari siku kumi kabla ya Ramadhani anajua yuko upande gani, hata kama anaswali safu ya kwanza.

Turudi sasa kwa bodaboda wa Buzuruga, mchuuzi wa Igoma na baharia wa mtumbwi, ambao kipato chao huja kwa siku na hakifiki gunia. Kumwambia mtu huyu anunue kwa jumla bila kumwonyesha njia ni kumdhihaki. Mfano tulioufuata sisi ni wa Ash'ariyyun, jamaa wa Abu Musa (r.a.), ambao Mtume (s.a.w.) aliwasifu kwa sababu chakula kilipowapungukia walikusanya walicho nacho katika nguo moja na kugawana kwa kipimo kimoja. Akina mama wa msikiti wetu wameanza hivyo hivyo, ila wao hukusanya kabla ya kupungukiwa. Kila mmoja huleta kidogo kila Ijumaa, kwa fedha au kwa kopo la nafaka. Kuanzia Juni, mavuno yanapoingia mjini kutoka Magu, Kwimba na Sengerema, hununua kwa magunia, hukausha tena, hupepeta na kufunga. Dagaa hununuliwa usiku wa giza, kiangazi, wakati kila kichanja kinakauka. Wakati wa mvua hawanunui, kwa kuwa dagaa aliyenyeshewa huoza ndani akiwa mkavu nje. Mwanachama huchukua kwa bei ile ya mavuno, na asiyekuwa na kitu kabisa huchukua kutoka fungu la sadaka bila kuandikwa mahali ambapo mwingine atasoma.

Kamati, kwa kweli, ilibishana. Baadhi yetu tulitaka ghala liwe chini ya ofisi, kwa risiti na mihuri. Akina mama walikataa, wakasema mwanamume atakumbuka ghala siku ya mkutano tu, na mdudu haji siku ya mkutano. Walishinda hoja. Tulichokubaliana ni kwamba ofisi ikague hesabu kila baada ya miezi mitatu, ufunguo ukae kwa watatu kati yao, na gunia lolote litakaloonekana na unyevu lianikwe siku hiyo hiyo bila kungoja ruhusa.

Mwaka huu futari ya msikiti nayo imebadilika. Zamani tulikuwa tunagawa mchele na sukari peke yake, vitu viwili ambavyo familia ilivimaliza kwa siku sita. Sasa mfuko una mchele kidogo, choroko, karanga, dagaa waliochambuliwa, unga wa mtama wa uji wa daku, na michembe. Michembe ilileta minong'ono. Kuna aliyerudisha mfuko akisema tumemletea chakula cha kijijini. Siku ya kumi na nne ya Ramadhani, mbalamwezi ikiwa juu ya ziwa na Mwaloni pamepoa, alituma mtoto wake kuuliza kama ile michembe bado ipo. Ilikuwapo. Akina mama walimpimia sado mbili, wakamwongeza karanga, na kumwambia mtoto amwambie mama yake ailoweke kuanzia Alasiri.